Nani Aliyekiosha Kibao cha Fatuma

Nafula mwanangu,

Salamu nitaziruka, maana asubuhi tumesalimiana jikoni ukanicheka kwamba nimevaa shati nje ndani. Leo Ijumaa wewe na mama yako mmeenda kanisani Abu Hamour kuagana na watu, nami nikasema goti linaniuma. Goti haliumi. Nimebaki hapa Najma kwenye meza ya chakula na daftari nililoliokoa kutoka kwenye vitu vyako vya kutupa, kwa sababu kuna jambo ambalo huu mdomo wangu, unaojulikana Doha nzima kwa kutonyamaza, umelinyamazia kwa miaka kumi na moja.

Habari ya sweta, dawa ya tumbo na maji ya bomba ya Kairo mama yako ameshaimaliza. Ya masomo ndiyo kabisa sina, maana mimi niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikiona mpaka Agosti tu. Lakini nataka usome karatasi hizi kabla ya kupanda ndege kesho, si baada. Kuna bahasha ndogo ndani. Usiifungue kwanza. Soma.

Unanijua mimi ni mtu wa kujisifu. Nilipofika Doha, kabla ghorofa za West Bay hazijaota, nilikuwa dereva wa nyumba, na nakuambia hakuna dereva aliyenifikia. Gari kubwa lile la kafili wangu nililirudisha nyuma kwenye nafasi ambayo Mhindi wa dukani angeogopa kupitisha baiskeli. Niliongea Kiarabu, Kihindi na Kifilipino, maneno arobaini ya kila lugha, na thelathini kati ya hayo ni matusi. Na kuosha gari! Majirani walikuwa wanawaleta madereva wao waje watazame dashibodi yangu. Ungeweza kujinyolea ndevu humo.

Huyo kafili, yaani mwenye nyumba aliyeshika viza yangu, alikuwa mzee mpole aliyependa vitu vya kale. Kwenye majlisi yake, chumba cha kupokea wageni, kulikuwa na kabati la kioo. Mle mlikuwa na vyungu, shanga za buluu, paka wa shaba, na kile kibao cha mti kilichopakwa chokaa na kuchorwa mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, ameinua mikono mbele ya mungu mwenye kichwa cha mwewe. Vitu hivyo vilifikaje Doha kutoka Misri, sikuuliza. Mimi nilivitoa uwanja wa ndege kwenye masanduku na kuvibeba kama mayai, na kwa sababu hiyo mzee alinipa ufunguo wa kabati nimtunzie. Ndiyo siri ya ule uongo wangu. Nilikuwa dereva mwenye ufunguo. Wewe nilikuambia mimi ni mtunzaji wa vitu vya kale.

Unakumbuka siku niliyokupeleka. Familia ilikuwa imesafiri, mama yako yuko zamu hospitalini, wewe una miaka kumi na mmoja. Ulisimama mbele ya kile kibao mpaka nikakuuliza kama umelala wima. Ukaziba pua na mdomo kwa mkono ili pumzi yako isiguse kioo. Hakuna aliyekufundisha hilo. Halafu ukauliza, "Baba, huyu mama anaitwa nani?" Mimi nisiyejua kitu, badala ya kusema sijui, nikakujibu, "Anaitwa Fatuma." Mwaka mzima ukamchora Fatuma kwenye kila kipande cha karatasi humu ndani, na mama yako akaniuliza Fatuma ni nani katika maisha yangu.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, na hapa sitatia utani, au nitajaribu.

Wakio unamkumbuka. Wewe ulimwita anti Wakio, yule dada Mtaita aliyefanya kazi za ndani kwenye nyumba ile, aliyekuja kukusuka siku zake za mapumziko na kukufundisha nyimbo za kwao. Siku moja upepo ulileta vumbi jekundu, likaingia mpaka ndani ya saa ya ukutani. Mzee akapiga simu kwamba atarudi alasiri na wageni, majlisi iwe safi. Wakio alianza kupangusa, mimi nikafungua kabati. Kwanza nikatoa simu yangu mpya yenye kamera na kupiga picha tatu za kile kibao, ili nikawaringie wenzangu kwenye chai ya karak. Kisha nikaona vumbi limemkalia yule Fatuma usoni.

Wakio akasema, "Baba Nafula, usikiguse hicho. Madam alisema hata vumbi lake liachwe."

"Madam anajua nini? Hii ni idara yangu."

"Idara yako ni magurudumu, mzee."

"Wakio, mtu anayeng'arisha gari mpaka polisi wanaliogopa, kibao kitamshinda?"

Akacheka. Akaenda kwenye mazulia. Mimi nikaenda kwenye buti la gari nikaleta kitambaa changu laini na shampuu ya gari, tone moja tu kwenye maji ya uvuguvugu, kama ninavyofanya dashibodi. Sikukurupuka, Nafula. Nilifanya kwa ustadi wangu wote. Hilo ndilo linaloniuma hata leo, kwamba sikuwa mzembe. Nilipangusa kutoka chini kwenda juu, mkono mwepesi. Kitambaa kikatoka na wekundu kidogo, nikasema hilo ni vumbi. Nikapitisha tena. Kikatoka na buluu. Vumbi gani la buluu? Nilipotazama, mistari miwili ya maandishi chini ya miguu yake, vile vindege na macho na mawimbi, haikuwepo. Palikuwa pamebaki chokaa yenye unyevu, nyeupe kama jino.

Nilirudisha kibao, nikafunga kabati, nikakitupa kile kitambaa ndani ya buti, nikatoka nje kuosha gari ambalo lilikuwa safi.

Wageni walifika alasiri. Mmoja alikuwa Mmisri mwenye miwani mizito, msomi wa mambo hayo. Nilikuwa mlangoni nikigawa kahawa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo, akainama, akakaa pale muda mrefu. Akauliza kwa sauti ndogo sana, "Nani aliyekiosha?"

Mzee akatuita. Madam, mkewe, akaja. Swali likarudiwa, nani amekiosha, nani alifungua. Nafula, nilikuwa na ufunguo mfukoni. Ulikuwa unanichoma paja. Mzee akanitazama mimi kwanza. Nikasema, "Mimi nilikuwa nje na gari." Basi macho yote yakageuka kwa mtu ambaye kazi yake ni kupangusa. Hakuna aliyeuliza angefunguaje bila ufunguo. Mambo ya kufikiri vizuri namna hiyo hufanyika pale ambapo watu wanamheshimu mtuhumiwa.

Wakio alinitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Basi yeye akasema, "Sijakigusa," mara moja tu, na hakuna aliyeamini, na hakusema tena.

Baada ya siku mbili nilitumwa nimpeleke uwanja wa ndege. Mimi. Nilimbebea begi lake, moja, nikaliweka kwenye buti lile lile. Njiani nikaanza kuropoka, kwamba nitaongea na mzee akipoa, kwamba mambo haya yatapita, kwamba yeye anajua nina mtoto hapa na viza ya kazi hiyo. Akanikata.

"Baba Nafula, ukinyamaza, nyamaza kabisa. Usinitetee nusu nusu."

Tukafika. Akashuka. Akasema, "Mwambie mtoto nimeondoka." Wewe uliponiuliza jioni ile anti Wakio yuko wapi, mbona hajaja kunisuka, nilikujibu ameenda kuolewa. Ukakasirika kwa nini hakukuaga. Ulimkasirikia siku nyingi. Hasira hiyo ilikuwa haki yangu, nikamwachia abebe yeye.

Mwaka uliofuata niliacha ile kazi nikaingia kwenye mabasi ya shule. Nilikuambia nimechoka na watu wakubwa. Ukweli ni kwamba sikuweza kupita mbele ya lile kabati.

Ningeweza kufa na jambo hili. Mimi ni hodari wa kuishi na vitu. Nimeishi na jino bovu miaka sita. Lakini mwezi uliopita, kwenye meza hii hii, ulifungua kompyuta yako ukapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Ni Fatuma! Baba, ni Fatuma wangu!" Yule mzee alikuwa amefariki, warithi wake wanauza vitu, na kibao kimo kwenye kitabu cha mnada. Ulifurahi, halafu ukaona sehemu ya chini. Ukatusomea kwa Kiswahili ukitafsiri polepole: jina la mwenye kibao halisomeki tena, maandishi yalipotea baada ya kibao kuoshwa na mtumishi wa nyumbani.

Ukasema, "Mtu anaosha kitu cha karibu miaka elfu tatu kama sufuria!"

Mama yako akasema, "Hao mahausigeli, wee!"

Ukaniuliza, "Baba, ulikuwa unamjua?"

Na mimi, baba yako, kwa kinywa hiki kinachobariki chakula, nikajibu, "Huyo alikuja baada ya mimi kuondoka. Watu wengine hawana akili."

Unaona? Mara ya kwanza nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu unaweza kumhurumia kidogo. Mara ya pili sikuwa na hofu ya kafili wala viza. Nilikuwa nimekaa kwangu, nimeshiba, na nilimuuza tena kwa sababu tu sikutaka kupungua machoni pako. Ukaendelea kutueleza kwamba watu wale wa kale waliamini mtu anaishi mradi jina lake limeandikwa mahali, na ukilifuta umemuua mara ya pili. Ukasema utakwenda kukisoma kibao hicho Kairo kwa picha za mnada, ndicho utakachokiandikia kazi yako ya uzamili, hata kama jina limepotea. Nilikuambia napumzika. Nilikwenda nikakaa ndani ya basi la shule, peke yangu kati ya viti hamsini.

Na ile barua yako ya kuombea nafasi! Uliandika kwamba baba yako, mtunzaji wa vitu vya kale, ndiye aliyekufundisha kutazama. Uliponisomea nililia, ukadhani ni furaha.

Nilimtafuta Wakio. Kuna mlinzi Mtaita hapa Najma, kijana wa zamu za mchana kwenye benki ile ya kona, na Wataita wakiwa ugenini wanajuana hadi majina ya mbuzi. Alinipatia namba. Nilikaa nayo wiki tatu. Ijumaa iliyopita, mkiwa kanisani, nikapiga.

"Nani?"

"Ni yule dereva wa Doha. Baba Nafula."

Nikasikia kuku. Halafu akauliza, "Nafula hajambo?"

Hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza baada ya kunijua, mwanangu. Nikamwambia umemaliza chuo Nairobi, sasa unakwenda Misri kusomea sanaa na mambo ya kale ya huko. Akasema, "Hao wafu wake wa kwenye kioo? Alikuwa akinichorea." Akacheka kidogo. Na mimi nikaona mlango umefunguka, nikaanza kuomba msamaha na maneno yangu mazuri, unayajua. Akaniacha niyamalize yote. Ndipo akasema:

"Nilirudi kabla ya mkataba kwisha. Unajua mtu akirudi hivyo watu husema nini? Wanasema ameiba. Nilieleza mpaka nikachoka. Mama yangu alikufa akiamini niliiba Uarabuni."

Nikaihamishia simu sikio la pili, naye akaendelea:

"Kazi ya nje sikupata tena. Nipo, nauza mboga Mwatate, sina shida na wewe. Lakini msamaha wako nitauweka wapi? Mama hayupo wa kuusikia."

Nikamuuliza, "Nifanye nini basi, Wakio?"

"Usiniulize mimi. Maneno yangu niliyasema ndani ya gari."

Akakata. Nimepiga mara mbili tangu siku hiyo. Haishiki.

Kwa hiyo usitarajie hapa kwamba mambo yamekwisha vizuri. Hayakuisha. Wewe unakwenda kuishi kati ya vitu ambavyo mtu mmoja akikosea hakuna fundi wa kuvirudisha, na nimekuwa nikijiuliza usiku na mchana nitakupa nini cha kukusaidia huko. Ninacho hiki tu, nilichokilipia kwa mali ya mtu mwingine. Utakosea. Mikono yako ni ya damu yangu, na akili unayo kunishinda, na bado siku moja kitu kitapasuka au kufutika mbele yako. Siku hiyo, dakika ile ile, kabla hujafikiri, sema ni mimi. Kuna dakika moja ambayo neno hilo ni jepesi kama jina lako. Ikipita, linaanza kuota nyama. Baada ya wiki huwezi kulinyanyua. Baada ya miaka kumi na moja linakuwa na mama aliyekufa ndani yake.

Na mahali mtakapochimba kutakuwa na watu wa majembe na karai, wenye kanzu zilizochanika, na wanawake wa kufagia maabara. Waulize majina. Usicheke, najua mimi ndiye niliyekuwa nikiwaita wote "rafiki" kwa sababu ya uvivu wa kukumbuka. Wakati kitu kimeharibika na wakubwa wamekasirika, utaona jinsi macho yote yanavyogeuka upande mmoja, kama kondoo. Wewe uwe unajua yule anayetazamwa anaitwa nani.

Watu kanisani wananiuliza utapata kazi gani, utazika watu waliokwisha kuzikwa? Mimi nawajibu, binti yangu atawasomea Wamisri barua za bibi zao. Najisifu kwa ajili yako kila mahali, hata kwa watu wa kituo cha petroli. Hilo sitaliacha, unisamehe.

Sasa fungua bahasha.

Hizo ni picha tatu nilizopiga kabla ya kushika kitambaa. Kadi ya ile simu nimeitunza miaka yote bila kujua naitunza ya nini. Kuitupa nilishindwa, kuitazama nilishindwa. Wiki hii nimempelekea yule Mhindi Mmalayali wa duka la picha pale chini, akazikuza na kuzichapa. Si safi sana, simu za wakati ule ulikuwa kama unapiga picha kupitia glasi ya maziwa. Lakini mistari ile miwili ipo. Ndege anaonekana ni ndege, jicho ni jicho. Mimi siwezi kusoma hata moja. Wewe unaweza. Jina la yule mama limo humo, na ninadhani ni picha hizi tu duniani zilizo nalo. Ningeweza kukupa nikasema nimeziokota mahali. Nilishatunga hadithi hiyo, nzuri kweli, ina hata Msudani mmoja ndani yake. Lakini tazama ya tatu. Kwenye kioo cha mlango wa kabati uliofunguliwa kuna mtu na simu, tumbo mbele, ufunguo unaning'inia kidoleni. Utamtambua.

Mama yako nimemwambia jana. Hajaongea nami tangu hapo zaidi ya kuniuliza chumvi. Ndiyo maana alikuwa mkimya asubuhi. Usidhani ni safari.

Barua hii nitaiweka juu ya pasipoti yako. Kesho nitakuwa garini saa kumi na mbili asubuhi, na kama utataka kukaa kiti cha nyuma, kaa. Sitaongea. Nitajifunza.

Ila jambo moja nakuomba, na si kwa ajili yangu. Utakapoandika kazi yako utafika mahali pa kueleza jinsi kibao kilivyoharibika. Usinakili ya mnada. Usiandike "mtumishi", usiandike "imeelezwa kwamba". Chapisha picha ya tatu pamoja na nyingine, na chini yake uandike kwamba aliyekiosha alikuwa dereva, kwamba mtumishi wa ndani alimkataza, na kwamba mtumishi huyo anaitwa Wakio Mwandawiro wa Mwatate, naye hakukigusa. Wakikuuliza umejuaje, onyesha karatasi hii. Kisha nakala moja ipelekwe kwao Mwatate, kanisani, isomwe mbele ya watu. Jamaa zetu wataona haya kwa ajili yangu, nawe utaona haya kukaa na jina langu. Ona haya, mwanangu, halafu uandike. Jina langu lote ni hili hapa, nimeliandika polepole ili usikosee:

Ezekieli Wamalwa Situma, dereva.